Je, wajua kwa nini kitafunwa cha utotoni kikirudi sokoni hakina ladha ile?

Kampuni imekirudisha. Pakiti ni ile ile, rangi ni ile ile, hata mlio wake chini ya jino haujabadilika. Aliyekililia tangu kilipoacha kutengenezwa anatia kimoja mdomoni, anatafuna, kisha anatoa hukumu: wamekichakachua.

Hukumu hiyo si ya kupuuzwa. Mapishi ya viwandani hubadilika, mara nyingi kimyakimya. Mwaka 2015 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliamua kwamba mafuta ya mimea yaliyogandishwa kwa sehemu kwa haidrojeni hayahesabiki tena kuwa salama, na watengenezaji wa biskuti na keki waliokuwa wakiyatumia wakalazimika kutafuta mengine. Lakini hata kiwanda kikirudia mapishi gramu kwa gramu, malalamiko yangekuwepo, kwa sababu mlaji naye si yule. Watoto hupenda utamu mkali kuliko watu wazima, na hamu hiyo hupungua kadiri ujana unavyokwenda. Kilichokuwa kitamu sana sasa kinakera tu.

Tena hamu ya kitu kilichoondolewa haitoki yote kwenye ulimi. Mwaka 1985 Coca-Cola ilibadilisha ladha ya soda yake baada ya kuwaonjesha karibu watu 200,000, na wengi wakaipendelea ile mpya. Ya zamani ilipotoweka madukani, wateja walichachamaa, na siku 79 baada ya ladha mpya kutangazwa, ikatangazwa kuwa ya zamani inarudi. Ladha iliyoshinda kwenye majaribio ilishindwa mara tu watu walipojua wamepokonywa nini.

Kwani ulimi unajua nini hasa? Mambo matano: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ladha ile ya mchuzi wa nyama iitwayo umami. Sehemu kubwa ya mengine tunayoyaita ladha ni harufu, inayopanda kutoka kooni hadi puani wakati wa kutafuna. Ziba pua utafune: biskuti ya vanila inabaki kuwa unga mtamu.

Na harufu ina njia yake ya pekee. Uchukulie ubongo kama nyumba. Picha na sauti ni wageni rasmi: hupiga hodi mlango wa mbele na kupokelewa kwanza na thalamasi, sehemu ya ubongo inayopokea na kusambaza taarifa za milango ya fahamu, ndipo waelekezwe chumba cha kwenda. Harufu ni jirani wa siku zote, anayepita mlango wa uani bila kumsubiri mpokeaji. Na mlango huo wa uani uko hatua chache tu kutoka amigdala, inayoshughulika na hisia, na hipokampasi, inayoshughulika na kumbukumbu. Ndiyo maana moyo unaruka kabla hujakumbuka hata jina la kitafunwa. Kumbukumbu zinazoamshwa na harufu huelekea zaidi miaka kumi ya kwanza ya maisha, ilhali zile zinazoamshwa na maneno huangukia ujanani.

Hapa kutoweka kunaleta jambo la ajabu. Kitafunwa ambacho hakijawahi kukosekana dukani umekila ofisini, safarini na hospitalini. Harufu yake ina wenyewe wengi. Kilichotoweka kimebaki na mwenyewe mmoja, utoto. Hatua hii ya mwisho ni hoja ya kukisia kutokana na tabia ya kumbukumbu kwa jumla, si matokeo ya jaribio la vitafunwa. Jaribio la karibu zaidi ni la mwaka 2009, ambapo watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, waliona kwamba harufu ya kwanza kuunganishwa na kitu huacha alama ya pekee kwenye ubongo. Katika jaribio hilo, hata hivyo, iliyokumbukwa vizuri zaidi ilikuwa harufu mbaya. Kwa hesabu hiyo, kitafunwa ulichokichukia tangu siku ya kwanza huenda ndicho ungekitambua upesi zaidi kikirudi, ingawa hakuna kampuni itakayokirudisha kwa sababu hiyo.