Nguvu ya kadiri ni nini? Soma kabla hujanunua kitu cha kulinda nyumba

Tangu hawa vijana wa mapanga watusumbue huku Kisauni, Mombasa, kila baraza nikikaa mtu ataniuliza aweke nini ndani, rungu, panga, ama atafute leseni ya bastola kabisa. Mi nasema tuelewane kwanza hili neno, nguvu ya kadiri, coz ndo utakaloulizwa kortini.

Maana yake ni kwamba nguvu unayotumia kujikinga ilingane na hatari iliyoko mbele yako dakika ile. Penal Code yetu ya Kenya, yani sheria ya makosa ya jinai, kifungu cha 17 haina orodha ya silaha zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa, imesema tu mambo ya kujilinda wewe au mali yako yaamuliwe kwa kanuni za common law ya Waingereza, yani sheria inayotokana na maamuzi ya majaji. Ndo sababu mawakili hapa bado wanataja kesi ya Palmer, ilitoka Jamaica ikaamuliwa London 1971, majaji wakasema mtu aliyevamiwa hawezi kupima kama kwa mizani nguvu kamili anayohitaji. Hili wengi hawalijui na wallahi ni kinga kubwa kwa mwenye nyumba. Saa nane za usiku, mlango umevunjwa, watoto wanalia, hakuna anayetaka upige hesabu.

Lakini hatari ikiisha na ruhusa imeisha. Mwizi ameingia na panga, umempiga mkono kwa rungu, panga likaanguka, hapo uko ndani ya kadiri. Akigeuka akaruka ukuta, ukamfuata mpaka barabarani ukamkata mgongoni, hiyo ni kulipiza, na kidonda cha mgongoni daktari atakiandika vile kilivyo. Akifa unashtakiwa kuua, na hata ikishuka kuwa kuua bila kukusudia bado kifungo chaweza kufika maisha. Yani kijana wa watu alokuwa analinda wanawe anaishia jela ya Shimo la Tewa kwa sababu ya TV, inaniuma sana.

Vifaa navyo vinakusemea. Panga la kufyekea nyasi kila nyumba liko, lakini rungu ulilolipigilia misumari, mwendesha mashtaka atakuuliza misumari ilikuwa ya nini na utakosa jibu. Waya wa stima wa moja kwa moja kwenye dirisha ndo kabisa usifanye, mtego haujui mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira, na wewe hukuwepo kupima hatari yoyote.

Sasa bastola. Firearms Act, sura ya 114, inataka uwe na cheti kwa bunduki na pia kwa risasi, watu husahau hizo risasi. Cheti kinaandika bunduki gani, na risasi ngapi unaruhusiwa kununua na kukaa nazo kwa wakati mmoja. Kwa hivyo risasi ulookota ukaiweka kwa droo ni kosa hata kama huna bunduki, na zile za kuongezewa na rafiki ni kosa vilevile. Halafu fikiria nyumba zetu, hizi za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati, ama mabati kule Likoni, risasi inapita ukuta inaingia chumba cha pili. Hata kama mwizi alistahili, utaeleza vipi kuhusu mama aliyelala upande wa pili? Kwa ploti kama hizo mi singeshauri bunduki hata kidogo, bora grili, taa ya nje, mbwa, na namba za majirani.

Na ikishatokea, piga 999, usioshe damu wala usisogeze panga lake, coz lile panga ndo ushahidi wako wa hatari iliyokuwepo. Ripoti kituoni wewe mwenyewe, chukua namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na ukiambiwa uandike statement omba wakili kwanza, katiba kifungu cha 49 kinakupa haki ya kunyamaza na ya kuongea na wakili ukishikwa.