Filamu Imejaza Kumbi, Mbona Faida Hakuna?

Watu wa rika langu walimjua mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya kubuni, kwenye kibanda umiza, kanda imechoka na picha inarukaruka. Filamu ile, Coming to America, ilitoka mwaka 1988, na Marekani peke yake tiketi zake ziliingiza zaidi ya dola milioni 128. Hata hivyo Paramount, studio iliyoitengeneza, ilishikilia mahakamani kwamba filamu haijapata faida halisi.

Aliyeishitaki ni Art Buchwald, mwandishi wa safu za kuchekesha magazetini. Mwaka 1983 aliiuzia studio hiyo wazo la mtawala wa Kiafrika anayefika Marekani. Filamu ikitengenezwa kutokana na wazo hilo, angepata dola 65,000 na asilimia 1.5 ya faida halisi. Mtayarishaji Alain Bernheim aliahidiwa dola 200,000 na asilimia 17.5. Filamu ilipotoka, hadithi iliandikwa kuwa ya Eddie Murphy, nyota wa filamu hiyo. Januari 1990 Jaji Harvey Schneider akaamua kwamba chimbuko lake ni kazi ya Buchwald. Kushinda hapo kulikuwa nusu ya safari tu, maana swali lililobaki lilikuwa asilimia 1.5 ya kitu gani.

Tufanye hesabu kwa shilingi. Tuseme, baada ya kumbi za sinema kukata chao, studio imepokea milioni 200. Hayo ndiyo mapato ghafi. Studio ndiyo msambazaji pia, kwa hiyo inajilipa ada ya usambazaji, tuseme asilimia 30: milioni 60 zimekwenda. Matangazo yamegharimu milioni 50, ikaongezwa asilimia 10 ya usimamizi, zikawa 55. Kutengeneza filamu kumegharimu milioni 100, juu yake asilimia 15 za gharama za ofisi, zikawa 115. Jumlisha: 230. Mfukoni zimetoka milioni 150, zimeingia 200, lakini daftari linaonyesha hasara ya milioni 30. Na riba bado hatujaigusa.

Nyongeza za 15 na 10 sikuzitunga. Zilikuwemo kwenye mkataba wa Paramount, bila kulinganishwa na gharama iliyotumika kweli. Riba ilitozwa hata juu ya ile asilimia 15. Nyota mkubwa, yeye hukata fungu lake kwenye mapato ghafi, na fungu hilo huandikwa kama gharama, likazidi kuisogeza mbali faida ya wengine. Murphy mwenyewe aliziita asilimia za faida halisi “pointi za nyani”, yaani za kumpumbaza anayezikubali. Alijua anachosema, yeye alikuwa upande wa ghafi.

Desemba 1990 jaji alitamka kwamba vipengele kadhaa vya ukokotoaji huo ni vya ukandamizaji uliopita kiasi. Mwaka 1992 Buchwald akapewa dola 150,000 na Bernheim 750,000. Paramount ikakata rufaa, na mwaka 1995 wakamalizana nje ya mahakama.

Siku hizi ugomvi umehamia kwenye intaneti. Mwaka 2021 mwigizaji Scarlett Johansson aliishitaki studio ya Disney kwa kuitoa filamu yake, Black Widow, kwenye Disney+, huduma yake ya kutazama filamu mtandaoni, siku ileile ilipoingia kumbini, ilhali bonasi yake ilitegemea tiketi za kumbi. Nao walipatana miezi michache baadaye.

Kwa hiyo msanii anayeniletea mkataba wenye mstari mmoja, “atapata asilimia 20 ya faida”, namrudisha akaulize. Faida baada ya kutoa nini? Nani anaandika hesabu, taarifa inatoka kila baada ya miezi mingapi, na je, mkaguzi wako ataruhusiwa kufungua vitabu? Mauzo ya televisheni na mtandaoni yamo? Wengi huona aibu kuuliza, hasa mtayarishaji akiwa ni kaka au rafiki.

Halafu namwonyesha ile milioni 200. Asilimia 2 ya mapato ghafi ni milioni 4. Asilimia 20 ya faida halisi, kwa daftari lilelile, ni sifuri.