Elimujamii na elimu kwa jamii

Asubuhi moja hapa Mwanza, katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, mitumbwi ya dagaa ikiwa imekwisha kushusha mzigo, nilimsikia mtaalamu wa afya akitangaza kwa kipaza sauti kwamba wamefika "kutoa elimujamii" kuhusu kipindupindu. Haikuwa mara ya kwanza. Neno hilo nimelisikia likitumiwa hivyo katika mikutano ya mtaa na kulisoma katika barua za mwaliko, na kwa kuwa ni neno ninalolipenda, naomba nilieleze.

Elimujamii, ambayo vyuoni wengi huiita sosholojia, ni taaluma inayochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, yaani desturi zao, mamlaka zao na migawanyo yao, na jinsi mambo hayo yanavyouongoza mwenendo wa mtu hata pale anapoamini kuwa ameamua peke yake. Maana hiyo haina ugumu. Kinachowapotosha watu ni umbo la neno.

Likitamkwa haraka, msikilizaji hujiongezea kiungo ambacho hakimo, akasikia "elimu kwa jamii". Lakini tunayo maneno mengine yaliyoundwa vivyo hivyo. Elimumimea ni elimu ihusuyo mimea, na sijapata kukutana na mtu aliyedhani kwamba ni kuifundisha mimea. Elimuviumbe nayo ni hivyo hivyo. Sehemu ya pili hutaja kinachochunguzwa, wala haimtaji anayefundishwa. Sehemu zote mbili asili yake ni Kiarabu: elimu ni ujuzi, na jamii imetoka katika mzizi wenye maana ya kukusanya, ule ule uliotupa jamaa, jumuiya na Ijumaa, siku ya watu kukusanyika.

Jina la Kizungu nalo lina historia yake. Mfaransa Auguste Comte aliiita taaluma hii fizikia ya jamii, lakini Mbelgiji Adolphe Quetelet alipolitumia jina hilo katika kitabu chake cha takwimu za binadamu cha mwaka 1835, Comte alilazimika kutafuta jingine, na mwaka 1839 akachapisha neno aliloliunda kwa kuunga *socius* la Kilatini, yaani mwenzi, na *logos* la Kigiriki, lenye maana ya neno au hoja. Wapo waliomlaumu kwa kuchanganya lugha mbili, lakini mimi hufurahi kila nikikumbuka kwamba ndani ya sosholojia amekaa mwenzi.

Tuurudie mwalo ule, pale mitumbwi iliposhushia mzigo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Hayo ni mambo ya samaki na mwanga, na elimuviumbe inatosha kuyaeleza. Lakini kwa nini majini waende wanaume, na wanaoinama juani kuanika na kugeuza dagaa wawe zaidi wanawake? Kwa nini mwenye mtumbwi, ambaye huenda hajalala ziwani hata usiku mmoja, aondoe kwanza gharama za mafuta ndipo kinachobaki kigawanywe, na mvuvi aliyekesha aone kuwa hiyo ndiyo haki? Mwezi hauelezi hayo, na samaki hawaelezi. Yanaelezwa na watu walivyopangana, na kuupeleleza mpangilio huo kwa subira, bila kuharakia kumsifu wala kumlaumu mtu, ndiyo kazi ya elimujamii. Afisa ustawi wa jamii anayemsaidia mtoto aliyetelekezwa ana kazi nyingine, ingawa huenda aliisoma taaluma hii.

Mtaalamu yule alieleza vizuri, na watu walimsikiliza. Angesema tu kwamba wamekuja kutoa elimu ya afya kwa jamii, asingekosea hata kidogo. Alipomaliza, mama mmoja mwenye beseni la dagaa kiunoni aliuliza maji ya kunywa atayachemsha saa ngapi, ikiwa mitumbwi hufika alfajiri na dagaa wasipoanikwa mapema huharibika, na kuni ni za kununua. Alijibiwa kwamba afya ni muhimu kuliko biashara. Kama mtaalamu angeketi naye juu ya jiwe lililokuwa karibu, akamuuliza siku yake huanzaje na nani huipanga, hapo ndipo elimujamii ingeanza.