Kompyuta haikatai: kwa nini bado tunasaka jibu la fomula

Kila mwaka swali hili linarudi, na mara nyingi linatoka kwa wanafunzi wenye akili za haraka: "Mwalimu, kama kompyuta inatatua mlinganyo wowote, tunahangaika nini na kuintegreti kwa mkono?"

Wana hoja. Milinganyo tofautishi, yaani inayoeleza jinsi kitu kinavyobadilika, mingi inayotoka kwenye kazi halisi haina jibu la fomula. Mwaka 1841 mwanahisabati Joseph Liouville alithibitisha kwamba hata y′ = x² + y², mlinganyo unaoenea kwenye kiganja, hautatuliki kwa fomula za kawaida wala kwa kuziintegreti (y′ ni mteremko wa y; kuintegreti ni kurudi kutoka kwenye mteremko hadi y yenyewe). Mwanafunzi anayemaliza muhula mzima akikariri mbinu za kuintegreti amejifunza kutatua milinganyo ambayo mtunga mtihani aliichagua kwa sababu inatatulika. Kwa hiyo simtetei mwalimu anayefundisha fomula peke yake. Ila nina jambo la kuwaonyesha wanaotaka kuzitupa.

Tuanze na njia ya mwanahisabati Leonhard Euler, iliyomo katika kitabu chake cha kalkulasi cha mwaka 1768. Mlinganyo tofautishi unakupa mteremko wa grafu pale uliposimama. Unakwenda mstari mnyoofu hatua fupi, tuiite h, unasoma mteremko mpya, unakwenda tena. Yaani y mpya ni y ya sasa kuongeza h mara mteremko. Basi. Simu yenye kikokotoo inatosha.

Jaribu y′ = y, ukianza na y = 1 pale x = 0, ukitafuta y pale x = 1. Jibu la fomula tunalo: ni e, yaani 2.71828 na kuendelea. Ukitumia h = 0.1 unapata 2.5937. Ukipunguza hadi h = 0.01, hatua mia moja, unapata 2.7048. Kosa limeshuka karibu mara kumi baada ya hatua kuwa fupi mara kumi, na huo ndio mwendo wa Euler kwa kawaida: kazi mara kumi, faida mara kumi.

Sasa chukua njia ya Runge na Kutta ya daraja la nne, iliyokamilishwa na Wilhelm Kutta mwaka 1901 baada ya Carl Runge kufungua njia mwaka 1895. Hii inaonja mteremko mara nne ndani ya hatua moja, kisha inachukua wastani wenye uzito. Kwa hatua moja tu, h = 1, inatoa 2.7083. Soma tena: kuonja mara nne kumeishinda Euler iliyoonja mara mia. Nikifundisha, hapa huwa nanyamaza kidogo ili watu wahakikishe wenyewe kwenye vikokotoo.

Mpaka hapa fomula imetumika kama kipimo tu. Twende kwenye y′ = y², tukianza tena na y = 1 pale x = 0. Euler, h = 0.1. Namba zinatoka vizuri: 1.1, kisha 1.221, kisha 1.370. Pale x = 0.9 tuna 4.29, pale x = 1 tuna 6.13, na pale x = 1.1 tuna 9.89. Grafu inapanda kwa utulivu, haina kona ya kutia shaka. Ukiiweka kwenye ripoti hakuna atakayeuliza.

Lakini mlinganyo huu unatatulika kwa mistari miwili. Tenganisha y na x, integreti, utapata y = 1/(1 − x). Pale x = 0.9 jibu la kweli ni 10, si 4.29. Na pale x = 1 hakuna jibu kabisa: y inapaa bila kikomo kabla ya kufika. Euler iliruka juu ya shimo hilo na kuendelea na safari, ikituletea namba za mahali ambapo hiyo y haipo. Programu haikuonya kwa sababu haikuulizwa kama jibu lipo. Iliombwa kuzidisha na kujumlisha, ikafanya hivyo.

Kama huna fomula ya kukusaidia, punguza h kwa nusu na ulinganishe. Pale jibu lipo, namba mbili hukaribiana; hapa, pale x = 1, kila ukipunguza h namba inazidi kukua. Hiyo ndiyo dalili. Nashangaa ni wanafunzi wangapi wanaofika mwaka wa tatu bila kufundishwa zoezi hili dogo.

Kuna ugonjwa mwingine, wa kinyume. Chukua y′ = −15y, mwanzo y = 1. Jibu la kweli linashuka haraka kuelekea sifuri. Tumia Euler na h = 0.2: kila hatua unazidisha kwa 1 − 3, yaani −2. Unapata 1, −2, 4, −8, 16. Hapa angalau takataka inaonekana. Wanakemia Curtiss na Hirschfelder waliandika kuhusu milinganyo ya aina hii mwaka 1952, na wahandisi wa kemia wanaijua vizuri, kwani athari moja ya kikemia hukamilika kufumba na kufumbua huku nyingine ikichukua saa nzima. Dawa ni kusoma mteremko wa mwisho wa hatua badala ya ule wa mwanzo. Ukifanya hivyo, kila hatua unagawanya kwa 4: 1, 0.25, 0.0625. Si sahihi sana, lakini inashuka kama inavyotakiwa. Kwenye lugha ya programu ya Python, solve_ivp, amri ya kutatua milinganyo tofautishi kwenye maktaba ya SciPy, usipoiambia kitu itatumia RK45, njia ya jamii ya Runge na Kutta. Ukiona inakokota miguu kwenye tatizo dogo, ijaribu na Radau au BDF, njia zenye dawa ya aina hiyo, kabla ya kulaumu laptop.

Mfano wa mwisho ndio niupendao. Uzito unaoning'inia kwenye springi bila msuguano: y″ = −y, ambapo y ni mahali ulipo, y′ ni kasi yake, na y″ ni jinsi kasi hiyo inavyobadilika. Huhitaji hata kuutatua, kwani algebra kidogo inaonyesha kwamba jumla ya mraba wa y na mraba wa kasi haibadiliki. Hiyo ndiyo nishati. Iendeshe kwa Euler na h = 0.1, na kila hatua nishati inazidishwa kwa 1.01. Baada ya hatua mia, springi haijamaliza hata mizunguko miwili, nishati ni mara 2.7 ya ile ya mwanzo. (Ndiyo, ni ile 2.7048 ya juu, na si bahati mbaya. Zote mbili ni 1.01 kipeo cha 100.) Nishati ya ziada imetoka wapi? Hakuna, ni njia yenyewe inayovuja kuelekea ndani. Badilisha neno moja kwenye programu: kasi ikishapata thamani mpya, itumie hiyo mpya kusogeza y, badala ya ile ya zamani. Endesha hatua elfu moja na chora nishati. Itayumba kidogo juu na chini, lakini haitapanda.