Je, wajua? Kwashakoo ya wazee wa California ilivyonaswa bila faili la mgonjwa

Nilidhani, tena kwa miaka, kwamba mwandishi anayechimbua mambo ya hospitali hafiki popote mpaka nesi fulani ampenyezee faili la mgonjwa. Kumbe faili moja halimfikishi mbali. Linaeleza habari za mtu mmoja, na hospitali itajibu kwamba huyo hali yake ilikuwa ya pekee. Lenye manufaa zaidi ni daftari refu lisilo na jina la mtu: umri, hospitali, nani alilipa, na namba za magonjwa. Jimbo la California hukusanya daftari la namna hiyo kwa kila anayeruhusiwa kutoka wodini.

Mwaka 2011 waandishi wa California Watch, chombo cha habari za uchunguzi, walikuta humo kwashakoo. Ndiyo, ileile, unyafuzi wa watoto walioachishwa ziwa na kubaki na uji mtupu. Jina ambalo daktari Cicely Williams alilitoa kwenye lugha ya Ga, huko Gold Coast (Ghana ya leo), miaka ya 1930. Safari hii walioandikiwa ni wazee wa miaka 65 na kuendelea, Marekani. Katika hospitali moja ya mji wa Redding walikuwa asilimia 16.1 ya wazee wa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani. Wastani wa jimbo zima: asilimia 0.2.

Medicare hailipi sindano kwa sindano. Chukulia mama ntilie anayelisha wafanyakazi, kisha kampuni ndiyo inalipa. Kampuni haioni sahani, inaona vitiketi. Kimeandikwa "wali", italipa bei ya wali. Kimeandikwa "pilau", itaongeza. Kwashakoo, wakati huo namba 260, ndiyo iliyokuwa pilau: ikiongezwa kama tatizo la pili kwa mgonjwa wa moyo, malipo yaliweza kupanda kwa maelfu ya dola. Basi kibanda kimoja kikiuza pilau sahani 16 katika kila 100, na mji mzima sahani 2 katika kila 1,000, huhitaji kuonja. Unahitaji kwenda kuuliza.

Kuuliza, si kuhukumu, na hapa nilikosea mara ya pili. Wenye hospitali walikana kosa. Wakaguzi wa serikali kuu nao walipitia madai ya malipo 2,145 yenye kwashakoo kutoka hospitali 25 nchini humo, wakaona moja tu ndilo lililostahili. Lakini ripoti yao ya 2017 ilinyooshea kidole pia kitabu chenyewe cha namba za magonjwa: ukitafuta "upungufu wa protini" kwenye faharasa, ulipelekwa moja kwa moja kwenye 260. Yaani menyu ilikuwa imeuita wali wa mafuta pilau.

Ila kitabu hicho kilitumika California nzima, na wastani wa jimbo ulibaki asilimia 0.2.