Je, wajua kwa nini duka la mtandaoni halioni nambari ya kadi yako?

Bi mmoja anayeuza leso Mtaa wa Biashara, Mombasa, aliniita nimwekee malipo ya kadi kwenye tovuti yake, maana ana wateja hadi Muscat na London. Kabla sijafungua kompyuta akaniuliza: "Mwanangu, hizo nambari za kadi za watu nitaziweka wapi? Zikiibwa si nitashikwa mimi?"

"Mama, wewe hutaziona kabisa."

Hakuniamini. Kisanduku cha kujazia si kiko kwenye ukurasa wake, chini ya picha za leso zake?

Kiko pale, ila si chake. Kampuni za malipo kama Stripe ya Marekani humpa mtengeneza tovuti maktaba ya JavaScript, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao yeye anauita tu. Tena wanataka upakiwe moja kwa moja kutoka kwenye anwani yao. Kuunakili na kuuweka kwenye seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ni marufuku. Maktaba hiyo hutoboa dirisha katika ukurasa wa duka, na ndani ya dirisha mna ukurasa mwingine, wa kampuni ya malipo. Mteja haoni mpaka wowote, kwa sababu rangi na herufi zimefananishwa. Kivinjari ndicho kinachouona. Tangu enzi za Netscape, kivinjari cha miaka ya 1990, vivinjari vina kanuni kwamba ukurasa wa anwani moja hauruhusiwi kuchungulia ndani ya ukurasa wa anwani nyingine.

Nilimpa mfano wa wakala wa M-Pesa. Duka ni la wakala, kaunta ni yake, lakini PIN unaibonyeza kwenye simu yako na yeye haijui. Hapo akatikisa kichwa, nikaona tunaelewana.

Kinachorudi dukani ni tokeni, mfululizo wa herufi na tarakimu usiomfaa mwizi. Seva ya duka huipeleka kwa kampuni pamoja na ufunguo wa siri, ndipo pesa zinatozwa. Funguo ni mbili: unaoanza na pk_ ni wa hadharani, hukaa kwenye ukurasa na yeyote anaweza kuusoma; wa sk_ ndio unaotoza na kurudisha pesa, nao haufai kutoka kwenye seva. Vijana wanaoanza kazi hii huubandika sk_ ndani ya ukurasa, halafu wanalala usingizi. Huko ni kufunga duka na kuuacha ufunguo ukining'inia mlangoni.

Kuna jambo lililomchekesha. Nilibonyeza kadi ya majaribio ya Stripe, 4242 mara nne, lakini tarakimu ya mwisho nikaweka 3. Kisanduku kikawa chekundu papo hapo, hata benki haijaulizwa. Ni hesabu ya Hans Peter Luhn wa IBM, iliyopewa hataza mwaka 1960: kuanzia kulia, kila tarakimu ya pili huzidishwa mara mbili (ikizidi 9, unaitoa 9), kisha zote zinajumlishwa. Jumla lazima igawanyike kwa 10. Kadi ile hutoa 80. Yangu ilitoa 81.

Bila dirisha hilo mambo huharibika. Mwaka 2018 wezi walichomeka mistari 22 tu ya JavaScript kwenye tovuti ya British Airways, ikawa inanyonya kila alichojaza mteja kwenye fomu ya malipo. Faini ya shirika hilo la ndege, mwaka 2020, ilikuwa pauni milioni 20. Hata dirisha halimalizi hatari yote, kwani anayeingilia ukurasa wako anaweza kuchora kisanduku bandia juu ya kile cha kweli.

Nikarudisha ile 2, malipo ya majaribio yakapita. Bi akavaa miwani. "Haya, nionyeshe hiyo kadi iko wapi."

Kwenye ripoti yake palikuwa na neno Visa, mwezi na mwaka wa kuisha, na tarakimu nne za mwisho: 4242.