Msimulizi asiyeaminika si lazima awe mwongo

Wasomaji wengi wa riwaya za kisaikolojia, wakishabaini kwamba msimulizi haaminiki, humhukumu papo hapo: huyu anatudanganya. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Wapo wasimulizi laghai, ndiyo, lakini wanaotuuma moyo zaidi ni wale wanaojidanganya wenyewe kwanza.

Mchukue Stevens, msimamizi wa watumishi katika The Remains of the Day, riwaya ya Kazuo Ishiguro iliyotoka mwaka 1989. Usiku ambao baba yake anakata roho ghorofani, yeye yuko chini akiwahudumia wageni vinywaji. Hatuambii kwamba analia. Tunajua kwa sababu tajiri yake, Lord Darlington, anamwambia anaonekana kama mtu anayelia. Stevens anatoa leso, anapangusa uso haraka na kusingizia uchovu wa kutwa nzima. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ukweli kausimulia mwenyewe, ila kaupitisha kinywani mwa mtu mwingine.

Kwa nini asiseme tu? Kwa sababu utu wake wote kaujenga juu ya kazi na heshima ya kazi hiyo. Akikiri huzuni, au mapenzi yake kwa Miss Kenton, mtumishi mwenzake katika nyumba hiyo, itabidi akiri pia kwamba umri umemwishia katika upweke. Na mpweke hana wa kumwambia, "Hapana, haikuwa hivyo."

Kwa hiyo unapomsoma mtu kama huyu, usisake uongo tu. Angalia anachokiruka, anachokirudiarudia bila kuulizwa, na jinsi wengine wanavyomjibu.